Ngozi ya Bibi Haina Doa

Tarehe 3 Februari

Kwa daktari wangu wa pekee,

Pokea salamu za nyumba nzima, hata za paka. Sisi wazima. Baba yako anakohoa asubuhi na kulalamika jioni. Siku utakayosikia hakulalamika, ndiyo uombe ruhusa uje. Cherehani yangu ilikatika mkanda nikaufunga kwa kamba ya kiatu. Inashona, ila inalia kama kitoto kimenyimwa titi.

Barua yako tumeipata. Najua unasema nipige simu. Simu maneno yake yakishasemwa yameisha. Barua naisoma Jumatatu kwa mteja wa gauni, Alhamisi akija mteja wa suruali naisoma tena, na wote wanatoka hapa wakijua nimezaa nini. Pale ulipoeleza kuunganisha kucha za vidole viwili, mgongo kwa mgongo, uone kama katikati panabaki kidirisha cha mwanga, ambaye hana kidirisha aende akapimwe kifua, basi mtaa mzima umetembea wiki nzima umenyanyua vidole kama unaswali juani. Wote tuna kidirisha. Nimewaambia hamna ugonjwa, nendeni mkafanye kazi.

Kasoro Muuza Mkaa wa mlango wa pili. Kidirisha anacho, ila kucha zake ni nyeusi tii mpaka kwenye nyama. Ni ugonjwa gani huo? Ana wasiwasi.

Bibi yako yuko vizuri. Tangu aanguke akavunjika nyonga hajasimama, ni kitanda na kiti, kiti na kitanda, lakini hakuna mgonjwa mtaani anayetunzwa kama yeye. Namwogesha kila asubuhi kwa mkono wangu, nampaka mafuta mpaka kumshika anateleza. Ngozi ya bibi yako haina doa. Wanaokuja kumwona wanauliza nampaka nini. Jirani yetu wa kule chini naye anamtunza mama yake, lakini mama wa watu ana magaga kama njia ya ng'ombe.

Ule mtihani wenu wa vitendo, wa kumkagua mgonjwa ngozi, nywele na kucha, umeshafanya? Niambie, maana watu nimeshawaambia umeshinda, na chai wamekunywa.

Mama yako, Fundi


Tarehe 19 Februari

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo, na shikamoo ya bibi umfikishie kitandani. Mimi mzima. Chumba chetu bwenini kinavuja, tumeweka beseni katikati, na mwenzangu wa kitanda cha juu anakoroma kuliko baba.

Mama, kwanza: mimi si daktari. Ni mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili. Nimeshakuandikia hivyo kwenye barua zote.

Pili, usiwaambie watu hawana ugonjwa. Nilikueleza kile kidirisha kwa sababu uliuliza tunasoma nini, sikukutuma ukawagawie majirani afya.

Tatu, Muuza Mkaa. Mama, anauza mkaa. Mwambie anawe kwa maji ya moto na brashi, kisha atazame tena.

Sasa mambo ya maana. Mtu anayelala au kukaa mahali pamoja muda mrefu, mfupa wake unaibana ngozi kutoka ndani, damu haipiti, na nyama inakufa polepole kabla mtu hajajua. Kinaanza kitu kidogo, kinaishia kidonda cha kuingiza ngumi. Wiki iliyopita tumezika mzee wa wadini kwetu kwa kidonda cha namna hiyo, wala si kwa mguu uliomleta. Kwa hiyo naomba sana: umgeuze bibi mara kwa mara, ubavu huu, ubavu huu. Ukague visigino, nyonga, mabega, nyuma ya kichwa, na zaidi ya yote ule mfupa wa mwisho wa mgongo, juu ya makalio. Kuna wekundu popote? Nijibu hilo.

Na mahali penye mfupa usipasugue. Mafuta paka kwa upole.

Binti yako


Tarehe 10 Machi

Daktari (ndiyo, nimeandika),

Hujambo mwanangu? Huku mvua imenyesha hadi viatu vya baba yako vimeota ukungu. Nimepata kazi ya sare za shule, mashati mengi ya kola ngumu, nashona mpaka vidole havikunjuki. Muuza Mkaa amenawa. Kucha zimetakata, ni nyeupe kuliko zangu, na sasa anaringa, anahesabu chenji taratibu ili watu wazione. Anasema umemponya.

Umeuliza kuhusu wekundu. Hakuna wekundu. Nimekwambia ngozi ya bibi yako haina doa, sasa wekundu utoke wapi? Unaniuliza kama mtu asiyenijua. Mimi nilikulea wewe ukiwa na vipele vya joto mwili mzima na hukubakia na kovu hata moja. Kuna siku nilishindwa kukutunza?

Halafu umeniambia nimpake kwa upole. Mwanangu, mafuta ya upole hayaingii. Mimi nasugua mpaka nasikia ngozi inaitika. Tena nimebuni kitu, utafurahi: nimemshonea mto wa mviringo wenye tundu katikati, wa kukalia, nimeujaza vitambaa vya mabaki. Kila aliyeuona anataka wake. Nimeshapata oda mbili.

Shida ni kwamba bibi yako siku hizi anadeka. Mto sitaki, kiti sitaki, mgongo sitaki kulalia. Anajilaza ubavu akiangalia ukuta, nikimgusa anaguna. Nimemuuliza, "Mama, nimekukosea?" Ananijibu, "Hujanikosea, shona nguo zako." Ameninunia na sababu siijui. Pia chumba kimekuwa na harufu ya kufungiwa, nimebadilisha sabuni na nafungua dirisha mchana kutwa.

Mtihani hujaniambia. Nimeuliza barua iliyopita, umeniandikia ya mkaa.

Mama yako, Fundi


Tarehe 28 Machi

Mama,

Shikamoo. Usisome barua hii kwa sauti. Soma peke yako, ndani, umekaa.

Salamu zimeishia hapo, utanisamehe. Nimesoma barua yako nimesimama kwenye korido ya wadi na nusura niangushe trei.

Nilikuuliza swali vibaya. Kitabu chetu kimechora mtu mweupe kama karatasi, na mahali palipobanwa pamekuwa pekundu kama nyanya. Mimi nikakunakilia vilevile. Bibi ni mweusi kama mimi na wewe, mama. Ngozi yake haitakuwa nyekundu hata ikiwa inaungua. Wewe umenijibu kweli na mimi nimedanganyika kwa jibu la kweli.

Fanya hivi. Weka mgongo wa kiganja chako pale juu ya makalio, kisha uweke pembeni. Pana joto kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au panabonyea kama tunda lililoiva kupita kiasi? Ngozi imekuwa nyeusi zaidi kuliko jirani yake, au inaelekea rangi ya bilinganya? Akiguswa hapo anaguna?

Kuguna umeshaniambia. Mama, bibi hakununi. Anaumwa.

Usipasugue. Ile nyama imeshachoka, ukiisugua unaichana. Na huo mto wa tundu utoe leo. Unabana damu kuzunguka pale pale. Walioweka hizo oda mbili wavunje moyo.

Na swali moja, nijibu bila kunizungusha: ni lini mara ya mwisho uliutazama mgongo wa bibi, kule chini, kwa macho? Sisemi kushika. Kutazama.

Binti yako


Tarehe 2 Mei

Mwanangu,

Salamu, ingawa umenitia aibu na salamu hizi nakupa kwa sababu tu nimefundishwa.

Barua yako nimeipata jana. Sanduku la posta ni la shule, shule ilifunga, mwalimu mkuu akaondoka na ufunguo wa droo yake. Mwezi mzima barua imelala na chaki. Usije ukasema nilikuwa nayo nimeikalia.

Ilipofika palikuwa na watu wa mashati ya shule, wamejaa mpaka mlangoni. Nikafungua, nikasoma kama kawaida yangu: "Mama, shikamoo, usisome barua hii kwa sauti." Wakacheka, wakasogeza viti. Sasa ningefanyaje? Nikaendelea kidogo, nikafikiri ni utani wako. Nikafika kwenye makalio. Mwanangu! Kati ya chumba cha kushonea na kitanda cha bibi yako kuna pazia tu. Alisikia. Muuza Mkaa alisikia. Alitoka kimya kimya bila hata kuaga, na yule mtu hajawahi kukaa kimya.

Sasa nikujibu. Yule ni mama wa mume wangu. Nilipoolewa alinipokea mlangoni mwenyewe, na tangu siku hiyo sijavuka mbele yake bila kuinama. Sasa hana mguu wa kusimamia, namwogesha mimi, maana binti hana na mwanawe hawezi. Namwogesha ndani ya shuka. Yeye analishika huku juu, mimi naingiza mkono na sabuni, na uso nimeugeuzia dirishani. Kila siku. Mkono wangu unaujua mwili ule kuliko macho yako ya kitabuni. Mkono huu unapima kiuno cha mtu kwa shibiri na suruali inakaa. Unataka nimfunue mama mkwe nimchungulie kama nyama buchani, ili mwalimu wako afurahi?

Na joto, ndiyo, pana joto. Mtu mzima amelala kitandani, ulitaka pawe baridi?

Mto nimeutoa, kwa sababu aliutupa mwenyewe.

Mtihani wako sikuulizi tena. Nimeuliza hadi nimechoka.

Mama yako


Tarehe 9 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Barua hii nampa dereva wa gari la dawa linalokuja zahanati ya huko, akukabidhi mkononi, maana chaki za mwalimu mkuu siziamini tena. Nimepiga simu kila siku tangu nipate barua yako. Anapokea baba. Anasema, "Wote wazima, pesa itaisha," anakata. Nami namwambiaje baba nataka kujua habari za makalio ya mama yake?

Umeniuliza mtihani. Nilifeli, mama. Tangu Februari. Sikukuandikia kwa sababu ulikuwa umeshatangaza ushindi na watu wamekunywa chai.

Ilikuwa hivi. Nilipewa bibi wa kitanda cha mwisho dirishani, mpole, amejifunga kitambaa kichwani vizuri, amekibana kwa pini. Nikamkagua. Nilibonyeza kucha mpaka zikapauka, nikaachia, nikaangalia damu inavyorudi. Ngozi nikaivuta kifuani, si mkononi, maana ya mkononi kwa wazee inadanganya. Miguu, katikati ya vidole, visigino, vyote. Nilikuwa navuma, mama. Ungekuwepo ungepiga vigelegele. Nikafika kwenye nywele. Nikatazama kile kitambaa. Nikasikia sauti yako: usimfunue mtu mzima. Nikaandika kwenye fomu: nywele nzuri, ngozi ya kichwa safi.

Mkufunzi akasoma. Hakupiga kelele. Akaniuliza, "Umeziona wapi?"

Akamwomba yule bibi ruhusa, akatoa pini, akafungua. Nyuma ya kichwa, pale anapolalia mto, nywele zimekatika zote, ngozi imechubuka na inalowa. Alikuwa amelala na kidonda hicho siku zote nilizokuwa nikimwamkia vizuri na kupita.

Kwa hiyo sikuandikii ili nikufundishe heshima. Nakuandikia kwa sababu kosa lako nalijua, lilikuwa langu. Mama, ukiniambia ngozi ya bibi haina doa, nitakuuliza vilevile nilivyoulizwa. Umeiona wapi?

Tafadhali, leo, usingoje kesho. Mwombe ruhusa mwenyewe. Usimfunue kwa nguvu. Mwombe tu, halafu utazame. Ukikuta ngozi imeachia, usipake kitu, mwite nesi wa zahanati.

Binti yako


Tarehe 17 Mei

Mwanangu,

Sisi wazima. Hapana, ngoja nianze vizuri. Baba yako mzima, mimi mzima, bibi yako ana kidonda.

Dereva wa gari la dawa alinikuta nafunga mashati. Nilisoma kimya, mpaka wateja wakauliza kama kuna msiba. Nikawaambia nendeni, mje kesho. Baba yako nikamwambia akae nje aangalie cherehani isiibiwe. "Nani ataiiba, inalia hivyo?" Nikamwambia akae tu.

Nikaingia, nikavuta pazia, nikafunga mlango. Bibi yako yuko ubavu, anaangalia ukuta wake. Maji nikaweka chini. Akashika shuka kama kawaida, analibana kidevuni. Nikasimama pale kama mwanafunzi aliyesahau kazi ya nyumbani.

"Mama," nikasema, "leo naomba nikuogeshe nikiwa nakutazama."

Akazidi kulibana shuka.

"Mjukuu wako ameandika."

"Nilimsikia alichoandika. Mtaa wote tulisikia."

"Basi unaniruhusu?"

Akageuza kichwa polepole, akanitazama. "Kumbe una macho," akasema. "Mimi nilijua unaona kinyaa."

Nilikaa chini, mwanangu. Kwenye maji ya kuogea karibu nikae. "Kinyaa? Mimi?"

"Kila siku unageukia dirishani. Nikasema, huyu mtoto wa watu anaona kinyaa, lakini ana adabu, haziachi kazi zake. Ndiyo maana nikawa nalishikilia shuka. Nisikuongezee taabu. Mahali panachoma, nikanyamaza, nikasema nikimwonyesha atatapika."

"Mama, nilikuwa nageuka kwa heshima yako!"

"Sasa hiyo heshima yangu," akasema, "imenichoma huku nyuma tangu mvua zilipoanza."

Akaachia shuka. Nikatazama.

Usiniulize mengi. Ni pale pale ulipoandika, mfupa wa mwisho. Upana wa kifungo cha koti, kile kikubwa cha matundu manne. Katikati ngozi imeshaondoka, pamechimbika kidogo na panalowa, na pembeni pamezunguka peusi kuliko mwili wote, pagumu, panawaka moto. Ile harufu niliyobadilishia sabuni ilikuwa inatoka hapo. Na mafuta yangu yanang'aa pembeni pake vizuri sana. Nilitaka kuivua mikono hii yenye mafuta niitupe.

Nesi wa zahanati alikuja jioni ile. Binti mdogo, hata wewe unamzidi, lakini mkali. Alikisafisha, akakifunika, akasema tungekawia kidogo tu tungekuwa tunazungumza habari za mfupa na kulazwa. Bibi anageuzwa sasa hata akiwa amelala fofofo, baba yako ana zamu yake na analalamika. Atakula mayai na maharage kwa wingi. Nesi alipouona mto wangu aliuliza umetoka wapi, nikamwambia sijui. Muuza Mkaa ameuchukua anaukalia dukani.

Sasa wewe. Umefeli! Na mimi nimewanywesha watu chai na sukari yangu! Nimekasirika, nimekaa na hasira siku nzima, nashona kola upande upande. Halafu nikakumbuka nani alikuchapa mkono ulipokuwa mdogo ukavuta kitambaa cha bibi yako mbele ya wageni. Basi hapo umefelishwa na mimi. Rudia huo mtihani. Mwambie mkufunzi wako mama yako amesema wafungue vitambaa vyote.

Chai nitawanywesha tena, ila mara hii nitangoja.

Mama yako, Fundi


Tarehe 20 Juni

Mama yangu,

Shikamoo, shikamoo bibi, na baba mpe pole ya zamu.

Nimelia kwa barua yako, kisha nimecheka, mwenzangu wa kitanda cha juu akaamka akiuliza kama paa limeanguka. Endelea kumgeuza, hata akikutukana. Kidonda kikianza kutoa harufu tena au akipata homa, zahanati mara moja. Ungeniandikia upana wake kila unapokitazama ningelala.

Mtihani nimerudia. Mara hii nilipewa mzee mmoja mwanamume, mnene, mcheshi, amevaa kofia ya kufuma na haitoi hata akilala. Nikafika kwenye nywele. Nikamwambia, "Babu, naomba ruhusa nikutoe kofia nikutazame kichwa."

"Unatafuta nini humo, mjukuu wangu? Mimi mwenyewe nilitafuta nikakosa."

Akaitoa. Mama, kipara! Kinang'aa kama sufuria jipya. Wadi nzima ikacheka, mpaka mkufunzi akajifanya anakohoa. Sikujali. Nilikitazama kichwa chote, mbele, nyuma, kila upande, na nyuma ya sikio nikakuta baka jeusi ambalo kingo zake hazikukaa sawa na ambalo mwenyewe hakuwa analijua. Daktari ameitwa, daktari wa kweli, na babu amepangiwa kukatwa kipande kidogo kikapimwe.

Nikaandika kwenye fomu: nywele, hakuna. Ngozi ya kichwa, nimeiona.

Mkufunzi akasaini bila kuuliza neno.

Unaweza kuchemsha chai.

Binti yako


Tarehe 11 Julai

Kwa nesi wangu,

Umeona nimeandika nesi. Usizoee.

Salamu zenu nyote mlio huko na paa lenu. Baba yako hajakohoa wiki hii, nina wasiwasi. Mkanda wa cherehani nimenunua mpya, imenyamaza, wateja wanasema duka limepoa.

Barua yako nimeisoma mbele ya watu, kwa sauti, mara tatu, na pale kwenye kipara nimeisoma mara nne. Chai imenywewa. Muuza Mkaa alichukua vikombe viwili na kucha zake za kuringia. Nilipomaliza nikaanza kukunja karatasi, nikasikia nyuma ya pazia:

"Mkwe! Mbona umeruka? Wasomee na habari zangu!"

"Mama, hizo ni za ndani."

"Za ndani zilisomwa ziliponiaibisha. Sasa napona, zinafichwa? Wasomee!"

Ikabidi nieleze, watu wanasikiliza, na yeye kule ndani ananisahihisha. "Si cha koti la kawaida, sema la mvua, vile vikubwa!" Kinapopungua yeye anakiongeza, mwanangu. Nimejua sasa kujisifu kwa nyumba hii umekutoa wapi, maana mimi si mtu wa hivyo.

Ila amenichosha. Tangu alipoachia shuka hakuna tena raha. Nikikaa kushona tu, "Mkwe, njoo utazame." Kisigino. "Mkwe, hapa vipi?" Kiwiko, ambacho hakijalala popote. Jana kaniita nikatazame ukucha wa kidole kidogo cha mguu, nikautazama, mzima, nikamwambia mzima, akasema, "Tazama vizuri, usiangalie dirishani." Anayasema hayo na kicheko. Ananiweza.

Jioni anaitaka mikono yangu, anaunganisha vidole vyangu mgongo kwa mgongo, anavileta karibu na taa. "Sioni kidirisha." Namwambia, "Mama, vaa miwani." Anavaa, anavishika muda mrefu, sindano imevitoboatoboa vyote, anavipapasa kimoja kimoja. Kisha ananiachia, nami narudi kwenye mashati.

Upana ulioomba ni huu: mwezi uliopita kilikuwa kifungo cha suruali. Leo asubuhi ni kifungo cha shati la mtoto, kikavu, na ngozi mpya inaingia kutoka pembeni, rangi yake bado haijafanana na nyingine.

Kwa hiyo ngozi ya bibi yako ina doa. Usiniulize nimeliona wapi. Nimeliona.

Mama yako, Fundi